Insha ya Achieng'

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia darasani na vipande vitatu vya chaki na maandalio ya somo niliyokuwa nimeyanakili upya mara nne. Shule ilikuwa ya kutwa, nje kidogo ya Rangwe, na mimi nilikuwa mgeni kabisa: binti wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha, sijui Dholuo, lugha ya huko, hata neno la kuombea maji. Mkuu wa idara ya lugha, mzee mrefu aliyevaa sweta hata jua likiwaka, alinisindikiza hadi mlangoni.

"Mwalimu Boke," akaniambia, "hawa waanzishie tamathali za usemi. Sarufi wataichukia. Tamathali watazipenda."

Alisema kweli. Somo langu lilikuwa Kiingereza, na kwa Kiingereza tamathali hizo zina majina magumu ya asili ya Kigiriki, ambayo wanafunzi waliyakariri kama majina ya dawa. Hapa nitatumia ya Kiswahili ili tuelewane. Tashbihi hulinganisha vitu viwili kwa neno "kama". Sitiari huliondoa hilo "kama" na kusema kitu hiki ndicho kile. Tashihisi hukipa kisicho na uhai tabia za mtu. Chuku hutia chumvi. Na tafsida hulifunika jambo zito kwa neno jepesi, kama tunavyosema mtu amelala badala ya kusema amekufa.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kusahihisha. Nilikuwa nikichukua wiki nzima kumaliza madaftari ya darasa moja. Siku moja alinikuta mezani nimeishika insha ya mtoto aliyefiwa na mama, macho yamenilowa, akaivuta taratibu kutoka mkononi mwangu.

"Usisome hadithi," akasema. "Soma lugha. Pigia mstari tamathali, andika jina lake pembeni, weka alama, fungua ukurasa. Ukisoma hadithi utalia, na madaftari hayatakwisha."

Nikamsikiliza. Nikawa mwepesi. Baada ya miaka michache watu walianza kunitaja kwenye mikutano ya walimu wa Kiingereza, na shule ya bweni ya wasichana karibu na Mbita ikaniomba niende kuwa mkuu wa idara.

Prinsipali wa pale alikuwa mtu wa maendeleo. Alipenda wageni waone majengo. Mabweni yalikuwa mawili, jipya lililopakwa rangi mbele, na la zamani nyuma yake, ambalo wageni hawakupelekwa. Mimi pia sikuwa na sababu ya kufika huko. Nilikuwa na madarasa manne na rundo la insha kila Ijumaa.

Achieng' alikuwa kidato cha tatu. Baba yake alikuwa na shamba dogo Rusinga na alitengeneza nyavu za wavuvi. Alikuwa msichana mkimya, si wa kwanza darasani, lakini alikuwa na jicho. Ukimpa shairi, alizitoa tamathali moja moja kama mtu anayechambua mchele.

Muhula wa pili niliwapa insha: "Mahali Ninapoishi". Achieng' aliandika kuhusu bweni la zamani. Aliandika kwamba ukuta ulio kando ya kitanda chake ni bibi kizee anayecheka, na kila mvua inaponyesha mdomo wake unafunguka zaidi, hadi sasa yeye Achieng' anaweza kuuingiza mkono humo. Nilipiga mstari mwekundu. Pembeni nikaandika jina la tamathali, na chini yake, "Nzuri sana! Endelea hivi." Nikafungua ukurasa.

Ukuta ulianguka Jumamosi moja mchana, mvua ilipokuwa imekatika na wasichana wakikunja nguo zao. Wanne waliumia. Achieng' alifia pale pale.

Jumatatu prinsipali aliniita ofisini. Naibu wake alikuwa amesimama dirishani, ametugeuzia mgongo.

"Mwalimu Boke, wewe ndiye mwenye Kiingereza hapa," prinsipali akasema. "Tuandikie barua ya rambirambi kwa familia. Itasomwa mazishini, na nakala itaingia kwenye faili. Iandike kwa heshima."

"Niseme nini kuhusu ukuta?"

"Usiseme ukuta. Usiseme kuanguka. Unajua namna."

Nilijua namna. Niliketi nikaandika kwamba Achieng' ameitwa mapema, kufuatia tukio lisilotarajiwa katika mazingira ya makazi ya wanafunzi. Kitenzi kikubwa nilikiweka katika kauli isiyo na mtenda, ili jambo litokee bila mtu wa kulitenda. Sikuhisi kwamba ninadanganya. Nilihisi kwamba ninafanya kazi yangu, na kwamba ninaifanya vizuri. Naibu aliisoma mazishini kwa sauti nzito, na watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Nilimwona mama mtu amekaa chini, anamtazama naibu mdomoni kama anayesubiri sentensi itakayofuata.

Wiki mbili baadaye baba yake Achieng' alikuja shuleni. Alikuwa na barua mkononi na daftari la insha, maana sanduku la binti yake lilikuwa limerudishwa nyumbani. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Tulizungumza Kiswahili; kila mmoja wetu alikuwa amekijifunza ukubwani.

"Japuonj," akaanza, yaani mwalimu, "mimi Kiingereza sikusoma. Hii barua nimesomewa na watu watatu, na kila mtu ananiambia maneno yake. Niambie wewe. Mtoto yangu alikufa aje?"

Nikaanza kumfasiria. Nikasema ameitwa mapema.

"Nani alimuita?"

Nikaitazama tena barua.

"Nauliza tu. Mimi ni mzazi yake, mimi sikumuita."

Nikamwambia ukuta wa bweni ulikuwa mbovu na ulimwangukia. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Akafungua daftari pale alipokuwa ameweka kidole.

"Na hapa? Hii nyekundu ni mkono yako?"

"Ni wangu."

"Inasema nini?"

Nilimsomea kwa Kiswahili alichokiandika binti yake, sentensi kwa sentensi: bibi kizee, mdomo, mkono unaoingia. Kisha nikamsomea nilichokiandika mimi. Nzuri sana. Endelea hivi.

"Ulienda kuangalia?"

"Sikwenda."

"Ulidhani ni hadithi."

"Nilidhani ni lugha, baba."

Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angenitukana. Alisema tu, "Sasa andika ingine. Yenye mimi naelewa."

Tukaiandika pale pale, kwa Kiswahili. Ukuta ulikuwa na ufa. Mwanafunzi aliandika kuhusu ufa huo. Mwalimu wake wa Kiingereza alisoma na hakumwambia mtu. Ukuta ulianguka, Achieng' akafa. Nikatia sahihi, na yeye akaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya elimu, Homa Bay.

Wakaguzi walikuja. Bweni la zamani lilibomolewa. Prinsipali alihamishiwa shule nyingine, kubwa kuliko ile. Fundi aliyeujenga ukuta hakupatikana. Mimi nilipewa barua ya onyo na uhamisho wa kwenda Migori. Kabla sijaondoka nilikwenda Rusinga kumweleza baba mtu yalivyokwisha. Alinipokea nje, hakunikaribisha ndani.

"Ulisema ukweli, nimeona," akasema. "Lakini ulingoja mpaka nikuulize. Mama yake hataki kukuona, na mimi sitamlazimisha. Safari njema."

Migori nilifundisha hadi mwisho. Tamathali nilizifundisha kama zamani, kwa kuwa mtihani unazitaka. Ila nilikuwa mzito tena. Mtoto akiandika kwamba nyumbani kwao kuna simba, nilimwita na kumuuliza, simba gani? Mara nyingi alicheka. Mara mbili hakucheka, na nilifanya nilichoweza. Walimu vijana walinilalamikia kwamba madaftari yangu hayaishi, na ni kweli hayakuwa yakiisha.

Nilistaafu muhula uliopita. Kulikuwa na hafla, keki na hotuba. Prinsipali wa sasa, kijana mchangamfu anayenipenda, alisimama akasema, "Huyu ni mama yetu. Miaka yote hii hajawahi kumpoteza mwanafunzi hata mmoja!"

Ilikuwa chuku, ya kawaida katika hotuba za kuaga. Walipiga makofi. Nilipopewa nafasi niliwashukuru kwa zawadi, kisha nikasema, "Nilimpoteza mmoja. Aliitwa Achieng'. Aliniambia ukuta una ufa, nikampa alama."

Hakuna aliyepiga makofi. Naibu wa prinsipali huyo aliangalia saa, kisha akawaashiria wapishi walete chakula.