Maziwa ya Unga Barazani kwa Baba Mdogo

Mwaka wa ukame yaliletwa maziwa ya unga kijijini kwetu, kwenye njia iendayo Soga, kwa ajili ya watoto waliodhoofu. Wazazi wetu walikwisha kufa, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la tano ili niwalee wadogo zangu watatu. Kitinda mimba alikuwa amebaki macho na tumbo. Hata kulia alikuwa ameacha.

Katibu wa kijiji, mpenda taratibu, aliniuliza mkuu wa kaya yetu ni nani.

"Mimi."

Alicheka mpaka akavua kofia. "Wewe binti? Kaya ina mwanamume."

Mfuko wetu wa maziwa akakabidhiwa baba mdogo, mlezi hodari kabisa, wa wageni. Kila alasiri barazani kwake wanaume walikunywa chai nyeupe pepepe wakisifu kujitegemea. Kitinda mimba hakupata hata povu.

Nikashtaki kwa nani? Katibu mwenyewe alikuwa na kikombe chake pale. Lakini kwetu hata mchoyo hathubutu kula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Siku moja nikangoja chai imiminwe, ndipo nikatokea na wadogo zangu, kila mmoja na kopo lake.

"Hodi. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mmefuata nini?"

"Tumekuja kukusalimu."

Tukaketi mkekani. Akatazama makopo, wageni wakamtazama yeye.

"Haya, karibuni chai," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Ahsante. Huyu mdogo hanywi majani. Maziwa matupu."

"Mpe, bwana," mgeni mmoja akasema. "Au umekamua mwenyewe?"

Wakacheka wote, isipokuwa mwenye baraza.

Kesho yake tukarudi kumsalimu, na siku zilizofuata pia. Wageni wakaanza kupata shughuli. Wa kwanza alikuwa katibu, aliyekumbuka ghafla kwamba kijiji kina shamba. Mwishowe tukamkuta baba mdogo peke yake, mfuko umefungwa kamba mlangoni.

"Chukueni. Mna njaa isiyo na adabu."

Nikajitwika.

Baadaye, mkutanoni, katibu alimsifu baba mdogo kwa kulea yatima. Baba mdogo akasimama, akaweka mkono kifuani, akaanza kushukuru. Kitinda mimba alikuwa mgongoni mwangu, mzito sasa, na saa yake ya maziwa ilikuwa imefika. Akaangua kilio cha nguvu hata shukrani zile hazikusikika. Sikumnyamazisha.