Lango la Al Qabil

Hebu jione umesimama kando ya njia ya vumbi, Al Qabil, mji wa Waarabu, watu wamejipanga pande mbili wakingoja ngamia wapite mbio wawili wawili. Karibu yangu bibi mmoja wa Kipemba alimshika mkono mjukuu wake, wala haridhiki na mahali popote.

“Bibi, hapa tutaona vizuri!”

“Hapa hapana pa kukimbilia, mwanangu.”

Akafika penye lango la nyumba ya watu, akalisukuma kidogo kuhakikisha halikufungwa, ndipo akasimama, lango mgongoni. Bwana mmoja akacheka.

“Bibi, hawa si ng'ombe wa kuchezwa Pemba, wanaofukuza watu! Ngamia hawa wanakwenda sawasawa.”

“Inshallah,” akajibu, mkono hauachii.

Jozi ya tatu ilipofika, ngamia mmoja alishtuka akaja upande wetu. Sote tukakimbilia lango lile. Bibi na mjukuu walikuwa wa kwanza kuingia, yule bwana wa tatu, anahema.

“Karibu, baba,” bibi akamwambia. “Umeona vizuri?”

Nimefundisha watoto miaka mingi, na somo hili sikuwahi kulitoa. Ukimpeleka mtoto kutazama, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: kabla ya pa kuonea, mtafutie pa kutokea.