Bubu wa Soko la Makambako

Sisi wauza viazi tulimwita bubu. Sista Fidelia, ambaye hatukujua bado kwamba alianzisha na mwenzake shirika la masista wanaohubiri kwa redio, kila alipokuja sokoni alionyesha viazi kwa kidole, akaondoka. Mbele yake tulisema yote, hata ugonjwa wa mama yangu.

Mama alipofariki kule Mawengi, nilikwenda redioni kutangaza msiba. Bubu akanifungulia mlango.

“Pole, Esnath.”

Ilikuwa ile sauti ya sala za alfajiri za redioni.

“Kumbe unaongea,” nilimfokea.

“Nadhiri yetu ni kusema tukiwa humu redioni tu. Yule mgonjwa wa Mawengi niliyemwombea kila siku alikuwa mama yako.”

Na mama, Mlutheri yule, kila alfajiri aliitikia amina kando ya redio yake, akimwonea huruma huyo mgonjwa.