Nimesimuliwa Mwisho, Mdomo Umejaa Pamba

Leo nimelia kwenye kiti cha daktari wa meno hapa Uccle, Ubelgiji, na jino halina kosa.

Msaidizi wake, dada Mfilipino, aliona kwenye simu yangu picha ya wale wapenzi wa tamthilia ya kwao.

"Unawapenda? Mimi pia! Miezi yote wanashikana mikono tu, na bado moyo unakudunda!"

Kweli kabisa. Ndiyo maana mimi na mama, yeye akiwa Tanga kwenye simu, tunaitazama kidogokidogo kila Jumapili.

Kisha yule dada akaanza kunisimulia mwisho.

Jamani! Mdomo umejaa pamba! Nikaguna, nikapunga mikono, machozi yakanitoka.

Daktari akauliza, "Inauma?"

Nikakubali kwa kichwa.

Akaongeza ganzi. Dada akaendelea.

Sasa Jumapili mama ataniuliza kama kawaida yake, "Hivi hawa wataoana kweli?"

Nimjibuje?