Mama Alivyosali Kikapuni

Juzi sokoni nilipita karibu na mzee anayesuka vikapu, na harufu ya kamba mbichi za msituni ikanishika puani. Nikaanza kucheka peke yangu. Muuza mihogo akanitazama kwa huruma, lakini angejua ninachokiona angecheka zaidi yangu: nilikuwa namwona mama yangu mzazi, kichwa ndani ya kikapu, miguu nje.

Miaka ya hamsini tuliishi kando ya maporomoko, hapa Kisangani. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mvuvi. Kikapu cha kuvulia si kile cha kubebea ndizi, jamani. Mdomo wake unammeza mtu mzima, kisha kinazidi kuwa chembamba hadi nchani, ili samaki akishaingia asiweze kugeuka.

Jumapili moja katekista alifundisha kwamba anayetaka kusali aingie chumbani mwake, afunge mlango. Mama alirudi nyumbani, akatusimulia, akabaki na mawazo. Chumba kipi? Kimoja walilala wazazi wangu, nyavu na mbuzi mgonjwa. Kingine bibi na sisi watoto. Barazani alitanda Tonton, mdogo wake Papa, aliyekuja kusalimia tu. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi hatukulima, basi Tonton akakaa.

Mama akipiga magoti popote, sauti ilimfuata: "Mama, chumvi iko wapi?" Na alikuwa na ombi la haraka. Maji yalikuwa yamepanda, na Papa alitembea juu ya miti iliyosimikwa majini ya kufungia vikapu, bila kushikilia kitu, akisema sala ni kazi ya wanawake. Mama alikuwa akiogopa kweli.

Alasiri moja Papa na Tonton walikuja kuchukua kikapu kipya kilicholala uani. Tonton akainua mdomo wa kikapu. Kikapu kikasema, "Ee Mungu Baba!"

"Ndoki! Mchawi!" Tonton alipiga kelele, akaruka kuku, akaruka na ua. Kwa mara ya kwanza tulimwona ana haraka.

Papa akainama, akaona nyayo za miguu anayoijua. Sauti ikaendelea: "Uyu mume wangu iko na kichwa nguvu. Hataki kukuomba. Umushike mukono kule juu ya maji. Kama mukono yako imechoka, basi umupe akili ashikilie muti yeye mwenyewe."

Papa akakohoa. "Mama Terese, ni mimi. Nikuvute?"

"Ngoja kwanza, sijafika amina. Kisha utanivuta, sababu siwezi kugeuka."

Wenzake walikuwa wakimwita kutoka mtoni. Papa hakwenda. Alikunja mikono, akasimama mbele ya kikapu. Bibi akaja akimtafuta Mama, amuulize chumvi.

"Iko mu chambre, mu chumba yake ya sala," Papa akamjibu. "Mulango imefungwa."

Mbuzi alifukuzwa. Nami nilifukuzwa, kwa kucheka. Baada ya amina Papa alimvuta Mama kwa miguu, na kilemba chake kikabaki ndani.

Papa hakuanza kwenda misa. Lakini kesho yake nilimwona juu ya maji, ameukumbatia mti kwa mikono miwili, wenzake wakimcheka.

Leo nina chumba changu, kina mlango na ufunguo. Nikipiga magoti, ni mimi mwenyewe ninayejiuliza chumvi iko wapi. Hapo ndipo ninapomkumbuka Papa, na moyo unanijaa. Utotoni nilidhani alisimama pale kwa aibu tu. Kikapu hakikuwa na mlango, ndugu zangu. Mlango alikuwa yeye.