Aproni ya Seremala

Seremala akishavuta dawa kwenye mashine yake ya kupumulia, mkewe anaosha barakoa na kikombe cha dawa kwa sabuni, anatandaza kitambaa safi na kuviweka juu yake vikauke vyenyewe. Mume hana subira hiyo. Anavifuta kwa aproni iliyojaa vumbi la mbao.

"Baba watoto, vumbi hilo hilo ndilo linalokubana kifua."

"Una maneno mengi wewe."

Siku moja walipokwenda kliniki pamoja, muuguzi aliona barakoa imejaa vumbi, akauliza nani anaisafisha.

"Mke wangu," akajibu bila kupepesa macho.

 Nyumbani mke aliviosha kama kawaida, ila kitambaa hakukitandaza. Alimtupia mumewe aproni mapajani.

"Haya, futa."