Sauti Iliyofungwa kwa Namba ya Simu

Nyinyi vijana mnaobadilisha simu kama ndala, someni hili. Mimi niliishia darasa la nne, ila hili nalijua kwa kuumia.

Marehemu mume wangu alitumia mkono wa kushoto. Ujanani, akipeleka korosho Nachingwea, alinitumia chumvi na sabuni kwa yeyote anayerudi Ruangwa, vimefungwa kwenye kitambaa. Fundo lake lilielekea upande wa mkono huo. Likielekea kwingine, najua njiani kuna mkono umepita. Mbeba mzigo mmoja nilimkazia macho mpaka akarudisha sabuni.

Alipolazwa Nachingwea, mjukuu wetu wa kike aliyesomea kompyuta alituwekea kwenye simu zetu programu aliyoitengeneza mwenyewe, ya kutumiana sauti. Akanibonyezesha nyota reli sifuri sita reli, ikatokea namba ndefu. Akasema simu huzaliwa nayo kiwandani, na sauti ya babu itafungwa kwa namba hiyo kabla ya kusafiri. Atakayeidaka njiani ataambulia makelele. Itafunguka kwenye simu yangu tu. Nikamwambia kwamba kazi hiyo babu yake aliianza zamani.

Mume wangu akafia huko huko. Sauti zake zikabaki kwenye memori kadi, na kila asubuhi nilisikiliza moja kabla ya kwenda shamba.

Msimu wa ufuta simu ikagoma kuchaji. Fundi wa stendi akasema atatia mashine nyingine ndani, ya simu kama hiyo. Nikakubali. Jembe langu nimelibadilisha mpini mara ngapi, na bado ni jembe langu? Gamba lile lile, laini ile ile, kadi ile ile. Nikagusa sauti, ikakataa. Zote zikakataa.

Mjukuu nilipompigia akauliza, "Bibi, mashine ya zamani iko wapi? Namba ilikuwa humo."

Nikarudi kwa fundi. Akasema vibovu humpa mtu wa vyuma chakavu. "Bibi, nimekupa nzima, unataka kufufua maiti?" Nikakaa kwenye kiti cha wateja wake, nikamwambia sitoki. Akamwaga kopo la vibovu mezani, akachambua, akaipata. Aliirudisha, ikawaka, akanionya haitadumu.

Mjukuu akanielekeza: nizifungulie zote, simu ya pili izirekodi. Nyumbani nikakuta wajukuu wengine wamefungulia redio ya mpira na wanabishana. Nikaweka simu mbili mkekani.

"Zimeni redio, fungeni midomo. Babu yenu anasema, na hakuna kukohoa mpaka amalize."